Ndia Kuu si kosa la tahajia

Majuzi nilikuwa nikirudi kutoka Dar es Salaam, nilikokwenda kutahini tasnifu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nishuke Likoni, nivuke kwa feri, niwahi treni ya alasiri, nilale kwangu Kitengela usiku huo huo. Lakini basi lilikawia njiani. Nilipokanyaga kisiwa cha Mombasa ilikuwa saa tisa na nusu, na treni imekwisha kung'oa nanga, kama tunavyosema hata kwa vyombo visivyokuwa na nanga. Iliyobaki ilikuwa ya saa nne usiku. Ukitoa muda wa kwenda kituoni Miritini na kukaguliwa mizigo, nilibakiwa na saa nne hivi mkononi. Begi langu lilikuwa dogo, la mgongoni. Basi nikaamua kutembea.

Nilifuata barabara ya Mama Ngina, bahari kuliani, mibuyu ikinipa kivuli, mpaka nikatokea Ngomeni. Njiani nilijiliwaza kwamba mimi si wa kwanza kuuona mji huu kwa haraka. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Lakini maelezo yake mafupi yamesomwa kwa karne nyingi. Anasema chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki, na misikiti yao ilikuwa ya mbao, imara. Anasema mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima, na watu walichota maji kwa chombo cha mti chenye mpini, wakaosha miguu kabla ya kuingia, maana walitembea pekupeku. Mswahili akisoma hapo atakumbuka kata mara moja. Msafiri alikiona chombo. Jina lake kwa wenyeji hakulichukua.

Neno moja lakini alilichukua. Anataja tunda linalofanana na zeituni ila ni tamu sana, na analiita jamun. Hilo ni zambarau, ambalo hata leo Wahindi huliita jamun. Na jingine la kutufikirisha sisi wa lugha: anasema kutoka Mombasa hadi nchi ya Sawahil ni safari ya siku mbili baharini. Maana yake, katika karne ya 14, neno tulilokuja kulifanya jina la lugha yetu lilitumiwa na mgeni huyu kwa mahali pengine, si kwa Mombasa yenyewe. Majina ya watu na ya lugha nayo husafiri, bwana.

Baada yake walikuja wageni wa aina nyingine. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Yeye mwenyewe hakushuka. Alituma watu 2 kwa mfalme na zawadi, na mfalme akaamuru wazungushwe mjini kote. Kwa hiyo matembezi ya kwanza ya Wareno katika mitaa hii yalifanywa na watu 2 waliokuwa wakionyeshwa mji wasioujua lugha yake. Siku chache baadaye merikebu ziliondoka kwenda Malindi, baada ya kushukiana na wenyeji. Waliporudi kukaa, walikuja na mawe: Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Ngome hiyo ndiyo kila mpita njia hupiga picha. Hata mimi nilipiga.

Kisha nikaiacha ngome mgongoni, nikaingia Mji wa Kale. Vichochoro vikawa vyembamba, milango ya nakshi ikaanza, harufu ya kahawa na ya samaki wa kukaanga ikachanganyika. Kwenye kona nikasimama kusoma kibao. Kiliandikwa NDIA KUU.

Jina hilo nalijua tangu ujana, nimelitaja darasani mara ngapi sijui. Lakini sikuwahi kusimama chini yake nikiwa peke yangu, bila haraka, bila wanafunzi wa kuwaonyesha. Kando palikuwa na mzee anauza kahawa, amekaa kwenye baraza la nyumba, dele lake la shaba mbele yake juu ya makaa. Akanitazama na begi langu.

"Karibu, mzee mwenzangu. Wapita tu, au umekuja kukaa?"

"Napita. Nangoja treni ya usiku."

"Basi kaa kitako. Kahawa haina treni."

Nikakaa. Nikanywa vikombe viwili. Nilipomuuliza njia ya kwenda bandari ya kale, alinyoosha kidole tu: "Shika ndia hii hii, usipinde. Ukiona Msikiti wa Mandhry, jua umekaribia."

Ndia. Si kwenye kibao tu, na kinywani pia. Hapo ndipo likanijia jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nilikuwa nasahihisha insha za mwaka wa kwanza. Binti mmoja kutoka Mombasa alikuwa ameandika insha nzuri, yenye hoja na mpangilio. Lakini ndani yake mlikuwa na "ndia", mlikuwa na "mato" badala ya macho, mlikuwa na "nti" badala ya nchi. Nilizungushia kila moja duara jekundu, na pembeni nikaandika: tahajia. Nikapunguza alama. Alikuja ofisini, akabisha hodi kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nyumbani twasema hivi." Nami nikamjibu kwa maneno ambayo bado yananichoma: "Nyumbani kwenu si chuoni." Akasema ahsante, akaondoka. Hakuandika tena namna hiyo. Wakati ule nilihesabu kuwa nimefanya kazi yangu.

Sasa tuliangalie jambo lenyewe kitaalamu. Kosa la tahajia ni kitu kisichokuwa na utaratibu: leo mwanafunzi ataandika "chakura", kesho ataandika sawa. Aliyoyaandika binti yule yalikuwa na utaratibu kamili. Palipo na "nj" katika Kiswahili Sanifu, Kimvita mara nyingi kina "nd": njia ni ndia, njoo ni ndoo, njaa ni ndaa. Palipo na "ch", mara nyingi pana "t": macho ni mato, nchi ni nti, kichwa ni kitwa. Huo ni mfumo wa sauti, na mfumo haukosei. Zaidi ya hayo, sikio la Mmvita hutofautisha sauti ambazo maandishi yetu hayaonyeshi kabisa. Yeye hatamki paa la nyumba sawasawa na paa mnyama wa porini. Huyu wa porini "p" yake hutoka na pumzi. Sisi wa bara tunayaandika yote mawili "paa" na kutamka yote mawili sawa, kisha tunamsahihisha yeye!

Na historia inasemaje? Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Tofauti na wapita njia, yeye alikaa. Mkewe na mtoto wao mchanga walizikwa huku mwaka huo huo. Aliketi na wenyeji, akasikiliza, na mwaka 1850 akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Kiswahili alichokisikiliza kwanza kilikuwa cha Mombasa. Kabla yake, mji huu ulikuwa umekwisha kumzaa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, ambaye tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari W. E. Taylor, zikachapwa mwaka 1940. Kwa hiyo Kimvita kilikuwa na washairi, kikapata na wanasarufi, kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya "usanifu".

Upande wa pili alikuwako Edward Steere, kule Unguja, aliyetoa kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870 kwa kufuata Kiunguja. Wamisionari wakagawanyika: wa Mombasa wakavutia kwao, wa Unguja kwao. Mwaka 1928 serikali za kikoloni zikaitisha mkutano wa kuamua. Mkutano huo ulichagua Kiunguja. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo yote manne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kukisanifisha.

Na mkutano huo ulifanyika wapi, msomaji? Mombasa. Kimvita kilinyimwa kiti nyumbani kwake.

Sisemi kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu. Misafara iliyotoka Unguja ilikuwa imekieneza Kiunguja bara yote, hadi mashariki ya Kongo, na shule za Tanganyika zilikuwa zimekwisha kukizoea. Palihitajika lahaja moja ya vitabu na mitihani, na bila hiyo leo mimi na mwanafunzi wa Bukavu tusingesoma kitabu kimoja. Mimi mwenyewe nimekula mkate wa Kiswahili Sanifu maisha yangu yote. Ninachosema ni hiki: mkutano ule ulichagua lahaja ya kuandikia vitabu. Haukutangaza kwamba lahaja nyingine ni makosa. Tangazo hilo tulilitoa sisi walimu baadaye, kwa kalamu nyekundu.

Wamombasa wenyewe hawakunyamaza. Abdilatif Abdalla aliandika tungo za Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, zikachapishwa mwaka 1973, na alizitunga kwa lahaja ya kwao. Diwani hiyo nimeifundisha. Kumbe nilimsifu mshairi kwa lugha ile ile niliyomwadhibia binti! Mshairi akisema "mato" ni fani; mwanafunzi akisema "mato" ni tahajia. Mizani gani hiyo?

Magharibi iliponikuta bandari ya kale, niliwaona watu wakiosha miguu kwenye mabomba ya msikiti. Nikamkumbuka yule wa mwaka 1331. Kisha nikatafuta tuktuk, nikaenda zangu Miritini.

Alfajiri nilishuka Syokimau, nikapanda matatu ya Kitengela. Pale tunapokata kona Athi River kuingia barabara ya Namanga, nilikuwa bado nafikiria kibao. Maana sisi wa Kajiado nasi tuna vibao vyetu. Jina lenyewe Kajiado limetokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Baraza la wilaya la zamani lililiandika hivyo. Ndimi za wageni zikalikata kichwa na mkia, likawa hili tulilonalo kwenye barua za serikali, na Mmaasai akilitamka kama mamake alivyolitamka, wako watu watakaosema anakosea jina la kaunti yake.

Na neno likitoka pwani nalo hukaribishwa huku. Ziwa maarufu zaidi la kaunti hii linaitwa Magadi, neno la Kiswahili la ile chumvichumvi nyeupe ambayo mama zetu hulainishia maharagwe. Joseph Thomson alipokuja kuvuka Umaasaini mwaka 1883 alifuatana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Watu wa pwani walizijua njia hizi kabla ya reli. Miaka ya 1910 likajengwa tawi la reli kutoka Konza, kupitia Kajiado, hadi Magadi, na magadi yakateremshwa kwa gari moshi mpaka bandari ya Kilindini, jina linalotukumbusha kilindi, maji ya kina kirefu. Tazama basi: ziwa la Umaasaini lina jina la Kiswahili, na hapana Mmaasai anayeliita kosa.

Jioni ile mjukuu wangu, yuko darasa la sita, alichukua simu yangu kuangalia picha. Akazipitia ngome, mibuyu, milango. Akafika kwenye kibao, akacheka.

"Babu, hawa wamekosea. Si ni 'njia'?"

Hakuwa amefundishwa na mimi. Lakini amefundishwa na mwalimu aliyefundishwa na watu kama mimi. Nikamwambia akae kitako, kahawa haina treni. Hakuelewa, lakini alikaa. Tukaanza na paa wawili, wa nyumba na wa porini, nikamwekea kiganja mbele ya mdomo asikie pumzi.

Muhula huu nimebadili jambo moja tu katika kusahihisha. Nikikuta "ndia" katika insha, siandiki "tahajia". Naandika "Kimvita", na pembeni naweka neno la kisanifu ili mwanafunzi ajue la kuandika katika mtihani wa taifa. Alama sipunguzi. Ni kidogo, na kwa binti yule kimechelewa. Kama anasoma safu hii, na popote alipo, ajue insha yake ilistahili alama zaidi ya nilizompa.