Kiapo Kilichovunjwa Colito

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, kila tarehe 1 Septemba huadhimishwa kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi mwaka 1964. Vijana wetu washerehekeapo siku hiyo, yafaa wajue kwamba jeshi hilo lilizaliwa kwa sababu lililotangulia lilivunja kiapo.

Askari wa KAR walikuwa wakiapa kumtii Mfalme au Malkia wa Uingereza. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kikosi cha 6 cha KAR kikawa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles. Bendera ilikuwa mpya, lakini maofisa wengi walibaki Waingereza na mishahara ya askari ilibaki midogo. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, nami nasema hivyo bila kuuma maneno.

Bali njia waliyoishika haikuwa ya haki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, katika kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliwakamata maofisa wao, kisha wakaingia Dar es Salaam na bunduki. Rais Nyerere ilibidi afichwe. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Maduka yaliporwa na watu wakafa. Kesho yake Tabora nako kukachafuka.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali yetu, makomando wa Uingereza walishuka Colito kutoka manowari Centaur, na maasi yakazimwa. Aibu iliyoje! Nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya Uhuru ilimwomba bwana wa jana awanyang'anye silaha watoto wake.

Viongozi wa maasi walihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Sajini mmoja alifungwa miaka 15. Kikosi cha kwanza kilivunjwa, na jeshi jipya likaanza kwa kuandikisha vijana, wengi wao wa TANU.

Baba yangu mdogo alikuwa mpishi pale Colito. Hakushika bunduki, lakini alirudi kijijini na sanduku lake la bati, akalima hadi kufa kwake. Siku moja nilimwuliza, "Baba, wewe kosa lako lilikuwa nini?" Akanijibu, "Tuliapa pamoja."

Basi ndugu zangu, mnaoongoza watu maofisini na viwandani, sikilizeni malalamiko yangali maneno. Na ninyi mlioapa, kumbukeni kwamba kiapo kikivunjwa hakimwumizi aliyekivunja peke yake.