Kilwa Kwenye Bamba la Shaba

Mwaka 1572, huko Cologne, Georg Braun na mchoraji wa mabamba ya shaba Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia. Juzuu zilifika sita, ya mwisho ikatoka 1617. Pwani yetu imo tangu ile ya kwanza: Mombasa, Kilwa na Sofala zimebanwa karatasi moja na Aden.

Mimi naanza na hiyo nafasi. London imepewa karatasi nzima, na mbele yake wamesimama watu wanne waliovaa vizuri. Si pambo tu. Braun alieleza kwamba watu hao wangewazuia Waturuki kuzitumia picha hizi vitani, kwa kuwa dini yao inawakataza kutazama sanamu za binadamu. Hebu fikiria, ulinzi wa mji umekabidhiwa kwa bibi mwenye gauni! Hoja dhaifu, lakini inafichua jambo: wenyewe walijua kwamba ramani ya mji ni silaha.

Sasa rudi Kilwa. Silaha ilikuwa imeshatumika. Mwaka 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida liliuteka mji, Wareno wakajenga ngome, kisha 1512 wakaiacha. Kwenye picha, mji umesimama wima kana kwamba hakuna kilichotokea. Wala si Kilwa peke yake: London ya Hogenberg bado ina mnara mrefu wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, ilhali radi iliuunguza 1561. Ramani hizi zinahifadhi miji iliyokwisha kubadilika.

Tofauti ni nani alikuwa akitazama. Kilwa tunaiona kwa macho ya baharia anayekaribia bandari: nyumba nyingi, mji wa kutamanika. Mpango wake wa ndani haumo. Hakuna Msikiti Mkuu na kuba zake za mawe ya matumbawe, wala Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa nje ya mji, juu ya jabali, na birika lake la pembe nane.

Ndiyo maana naona karatasi hii isomwe pamoja na magofu yenyewe. Shaba inatuambia mgeni alitaka nini. Mwenyeji alijipangia mji wake vipi, hilo waulize matumbawe.