Emuron Mwenye Kiko

Anayebishana kuhusu riwaya za Kiswahili za kutisha hatawakwepa Muhammed Said Abdulla na C. G. Mung'ong'o. Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda shindano la East African Literature Bureau na kuchapishwa 1960. Mung'ong'o alitoa Mirathi ya Hatari mwaka 1977. Wengi humpa Abdulla taji, kwa kuwa alitangulia na vitabu vyake ni vingi. Mimi naona taji hilo limekwenda kichwa kisicho chake, na kipimo kinachonionyesha hivyo kipo mbali na Unguja: Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, mji wa Turkana nchini Kenya.

Riwaya ya 1960 ilikuwa na njia nyembamba sana ya kufika huko. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Turkana, mtu wa nje asiingie bila kibali, na mwaka huohuo Jomo Kenyatta alikuwa amezuiliwa Lodwar, mahali palipochaguliwa kwa umbali wake. Kiswahili cha vitabu kilipata nguvu baadaye, hasa pale mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kukifanya somo la lazima lenye mtihani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, humohumo Turkana, iliyofunguliwa 1992, nayo ilifuata mtaala wa Kenya, na Wakongo na Warundi waliofika huko baadaye wengi walikuja na Kiswahili chao. Lakini kitabu kilipofika hakikukuta watu wasiojua hofu. Kilikuta istilahi zilizokomaa. Waturkana humwita mchawi ekapilan, mwenye kudhuru kwa siri. Na humwita mwaguzi emuron, mwenye kusoma matumbo ya mbuzi au jinsi kandambili zilivyoanguka, kisha akatamka kilichofichika. Lokerio, emuron wa karne ya 19, bado anatajwa.

Kwa istilahi hizo, Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, ni nani? Ni emuron mwenye kiko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti ya Ali Bomani inakutwa mzimuni, mahali watu wanapopaogopa, na msomaji anaandaliwa kuamini kwamba wahenga wamelipiza kisasi. Kisha Bwana Msa anakusanya dalili, anavuta kiko chake, anapanga ushahidi, na mwisho muuaji ni binadamu wa kawaida. Kisima cha Giningi (1968) nacho kinaazima jina la Giningi, mji ambamo masimulizi ya Unguja huwakutanisha wachawi, ili kututia baridi kabla ya upelelezi kuanza. Hofu kwa Abdulla ni pazia. Analifuma kwa ustadi, na sentensi zake zina mzaha na utamu ambao Mung'ong'o hana. Ila pazia hufumwa ili livutwe.

Mung'ong'o halivuti. Katika Mirathi ya Hatari kijana aliyesoma anarithishwa uchawi wa baba yake, na hakuna mpelelezi wa kuja kumwambia kwamba vifaa alivyopewa ni matambara tu. Elimu haimwokoi, wala kitabu hakimwahidi msomaji kwamba ingemwokoa. Kinachotisha ni kwamba ekapilan si jirani mbaya wa kufichuliwa. Ni baba, na kesho ni mimi.

Mtu anaweza kupinga kwamba emuron hafanani na Bwana Msa hata kidogo: mmoja anapokea ujumbe wa Akuj, Mungu wa Waturkana, mwingine anaamini akili yake peke yake. Pingamizi hili lina uzito, na ndilo linalonipa hoja. Emuron akishamtaja mhalifu, uchawi wenyewe haujakanushwa. Umethibitishwa, na mtu anarudi bomani akijua kwamba upo. Bwana Msa akishamtaja mhalifu, mzimu unabaki mawe na miti. Msomaji aliyekulia katika desturi ya kwanza atamfurahia Abdulla kama fumbo, lakini atalala vizuri usiku huo. Wengine husema si haki kumpima Abdulla kwa kutisha wakati aliandika upelelezi. Basi tuwe waaminifu: tumwite bingwa wa upelelezi, tuache kumtaja kila orodha ya hofu inapoandikwa. Na wapo watakaosema kwamba kwa kumtukuza Mung'ong'o tunawathibitisha wanaowashambulia wazee kwa tuhuma za uchawi, balaa lililoua watu wengi Tanzania. Sioni hivyo. Tuhuma hulenga mtu wa nje, wa kunyooshewa kidole. Riwaya hii imemweka msomaji ndani ya ngozi ya mrithi, mahali ambapo kidole hakina pa kuelekea ila kifuani pake mwenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale, pamoja na akili zake zote, bado unamalizika kwa kidole kilichonyooshwa.