Kombe Lililopita Mlangoni Petu

Kaa pale Mama Ngina jioni, shika mihogo yako ya pilipili na ndimu, angalia mlango wa bahari. Kila meli inayoingia Kilindini yapita hapo mbele, karibu mpaka waona watu wamesimama juu. Sasa geuza mgongo, tembea kidogo uingie ndani ya Kizingo, utakuta Mombasa Sports Club. Iko tangu 1896, na uwanja wake ndio nyumbani kwa timu ya raga ya Mombasa RFC. Baina ya bahari ile na uwanja ule kuna hadithi ambayo shule hatukufunzwa. Naitoa leo kwa sababu nimechoka kuambiwa ati raga ni mchezo wa watu wa bara.

Kombe kongwe la raga Afrika Mashariki laitwa Enterprise Cup. Ukisikia jina hilo utadhani ni kampuni fulani imetoa pesa za udhamini. Wala. Enterprise ilikuwa meli. Manowari kabisa, HMS Enterprise ya jeshi la Uingereza, iliyomalizwa kujengwa 1926 na kuletwa kufanya kazi Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 1928 ndiyo iliyompakia mwana wa mfalme wao Dar es Salaam, ikakimbia naye mpaka Brindisi, Italia, maana babake alikuwa hoi kitandani na yeye yuko huku Afrika Mashariki anawinda. Mabaharia wa meli hiyo ndio waliotoa kombe, wakaziachia klabu za raga za huku zishindanie, na kuelekea 1930 likaanza kuchezewa.

Meli yenyewe ilienda ikapigana Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944 ikafyatua mizinga pwani ya Normandy, na 1946 ikauzwa chuma chakavu. Yaani meli ishakatwakatwa, lakini jina lake bado lawatoa watu jasho kila msimu.

Na msimu wa kombe hili si kama ligi. Kenya Cup ni ligi: ukifungwa leo, Jumamosi ijayo wajitetea, wahesabu pointi, wamuombea mpinzani wako ateleze. Enterprise Cup ni mtoano. Dakika 80, ukipoteza, panga viatu uende nyumbani. Timu ndogo yaweza kumng'oa mkubwa siku moja tu, ikakumbukwa miaka. Kwa hivyo mimi huupenda mtoano kuliko ligi. Ligi ni ya wenye pesa na wachezaji wengi wa akiba. Mtoano una mlango mdogo wa nyuma kwa masikini.

Sasa hapa ndipo maneno yaanzapo. Kombe limetoka mikononi mwa mabaharia. Wewe ungedhani mji wa bahari ndio utakuwa na wenda wazimu wa raga, sivyo? Lakini miaka ile ya mwanzo mchezo uliota mizizi juu huko: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kitale. Kwa nini? Kwa sababu huko ndiko walikokuwa walowezi na mashamba yao. Mchezo ulikuwa wao kwa wao. Mechi ya kwanza ya raga inayokumbukwa Kenya, 1909, ilikuwa baina ya maafisa wa serikali na walowezi. Hakuna babu yako wala wangu aliyeitwa.

Na hapa kisiwani ilikuwa vilevile. Kizingo ilikuwa mtaa wa Wazungu, upepo wa bahari na nyumba zenye bustani. Waafrika walikuwa Majengo, Waswahili, Waarabu na Wahindi wamebanana Mji wa Kale. Klabu za michezo za enzi zile zilikwenda kwa rangi: kila watu na klabu yao. Kijana wa Kibokoni angeweza kusikia kelele za mpira ule ng'ambo ya ua, lakini aupate wapi? Raga haichezwi kwenye kichochoro cha mawe. Yataka nyasi, yataka uwanja mpana, yataka mtu wa kukufunza usivunjwe shingo.

Ukitaka ushahidi kwamba shida haikuwa miguu yetu, tazama soka. Soka haikungoja nyasi za mtu. Ilichezwa mchangani, kwa mpira wa matambara, na mwaka 1965 Feisal ya hapa hapa Mombasa ikabeba ligi ya taifa. Feisal, wanangu! Nairobi nzima ikatazama.

Raga ilipofunguka kwa Waafrika, ilifungukia shuleni. Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana, zilikuwa za watoto wa Kizungu mpaka uhuru ulipokaribia. Zilipoanza kuchukua wote, vijana weusi waliotoka pale wakaushika mchezo. Mwaka 1977 zikazaliwa Mwamba, iliyoundwa iwe klabu ya wachezaji Waafrika, na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ilibeba Kenya Cup msimu wake wa kwanza tu. Jina Mwamba nalipenda sana. Neno letu, kifuani mwa timu ya Nairobi. Sisi tuliowapa lugha tulikuwa wapi?

Tulikuwa mbali. Tena umbali si wa maneno tu. Leo vigogo ni Kabras kule Kakamega, KCB Nairobi, Oilers Nakuru. Mombasa ikipangiwa Kakamega, hiyo ni zaidi ya kilomita 800 barabarani, usiku kucha ndani ya basi, halafu asubuhi ukagongane na watu waliolala vitandani mwao. Katika mtoano huna mechi ya marudiano. Safari yote ile, dakika 80, kisha basi tena. Hapo ule mlango mdogo wa masikini niliousifu nawe wauona umezibwa nusu.

Kuna anayesema, "mbona raga iko, si Driftwood huja kila mwaka?" Kweli, mashindano yale ya wachezaji saba kila upande, yaliyoanzia Malindi, huja hapa, na mji hujaa magari ya Nairobi. Nayapenda. Lakini wanaocheza wamekuja, wanaoshangilia wamekuja, Jumapili usiku wote wameondoka. Mtoto wa Mji wa Kale abaki na nini, chupa za kuokota?

Mimi sitaki sanamu wala sherehe ya kumbukumbu. Nataka robo-fainali moja ya Enterprise Cup ichezwe Kizingo, hata kama Mombasa RFC haimo. Wao wapande basi siku moja, nao waonje joto la saa tisa mchana. Watoto wa shule za msingi kuanzia Mji wa Kale mpaka Majengo waingie bure, wakae pale karibu na mstari wasikie mifupa ikigongana. Na wauza kachiri hawahitaji barua ya mwaliko, watajua wenyewe pa kukaa.