Fahamu Vijenzi Tanzu katika Michoro ya Kidijitali ya Majengo

Katika programu za usanifu majengo kama Revit na Archicad, mlango, dirisha au samani huchorwa kama kijenzi chenye vigezo, yaani kifaa cha kidijitali ambacho vipimo na sifa zake hubadilika pale mbunifu majengo anapobadili thamani zilizowekwa. Kutokana na vijenzi hivyo, programu huandaa majedwali ya vifaa ambayo mkadiriaji majenzi huweza kuyatumia katika makadirio ya gharama.

Kijenzi tanzu ni kijenzi kinachotengenezwa peke yake na kisha kupachikwa ndani ya kijenzi kingine, ambacho ndicho kijenzi mama. Mlango, kwa mfano, huweza kubeba fremu, ubao, bawaba na kitasa. Katika Revit, vijenzi hivyo huitwa familia. Archicad, programu ya kampuni ya Graphisoft ya nchini Hungaria, hutumia lugha ya GDL, ambamo maelekezo ya kijenzi kimoja huweza kuita maelekezo ya kijenzi kingine.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba kitasa kilichochorwa mara moja huweza kutumika katika aina nyingi za milango. Aidha, vigezo vya kijenzi tanzu huweza kuunganishwa na vya kijenzi mama. Mlango wenye upana wa milimita 900 na fremu ya milimita 50 kila upande huhitaji ubao wa takriban milimita 800. Upana ukiongezwa hadi milimita 1,000, fomula huufikisha ubao milimita 900 bila kuchorwa upya. Kigezo kisipounganishwa, ubao hubaki na kipimo chake cha awali na kuacha pengo ndani ya fremu.

Suala lenye uzito zaidi ni la hesabu. Katika Revit, mtengenezaji wa familia huamua iwapo kijenzi tanzu kitakuwa cha pamoja au la. Kisipokuwa cha pamoja, huonekana kwenye mchoro lakini hakiorodheshwi peke yake katika jedwali. Kwa jengo la madarasa lenye milango 40, kila mmoja ukiwa na bawaba 3 na kitasa 1, jedwali litaonyesha milango 40 pekee. Vikifanywa vya pamoja, bawaba 120 na vitasa 40 huweza kuorodheshwa kila kimoja kwa idadi yake.

Hata hivyo, uamuzi huo una masharti. Vigezo vya aina vya kijenzi cha pamoja haviwezi kuongozwa na kijenzi mama. Vilevile, mradi mmoja huhifadhi toleo moja tu la kijenzi hicho. Likiletwa toleo jingine lenye jina lile lile, programu humtaka mtumiaji achague litakalotumika. Upachikaji wa ngazi nyingi nao huongeza ukubwa wa faili na kupunguza kasi ya kazi.

Kwa mradi wa umma, makosa mawili huweza kujitokeza. La kwanza ni vifaa kukosekana katika makadirio, hali inayoweza kuibua madai ya nyongeza wakati wa ujenzi. La pili ni kifaa kuhesabiwa mara mbili, pale bei ya mlango kamili inapokuwa tayari imejumuisha bawaba na kitasa, huku jedwali likiviorodhesha tena.

Kwa sababu hiyo, ni muhimu mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wakubaliane, kabla ya zabuni kutangazwa, ni vijenzi tanzu vipi vitahesabiwa peke yake, na kila mstari wa jedwali ueleze wazi kilichojumuishwa ndani yake. Programu hujumlisha kile tu ilichoelekezwa kukihesabu. Uhakiki wa jumla hiyo hubaki kuwa jukumu la wataalamu wa mradi.