Maombi 181, Mwanamke Hata wa Dawa!

Mwaka 2006 mradi wa GNOME ulipokea maombi ya vijana waliotaka kufanya nao kazi msimu wa kiangazi, kwa malipo kutoka Google. Maombi yalikuwa 181. Yakapitiwa yote. Wanawake wangapi? Sifuri!

Kwa asiyeijua, GNOME ndiyo sura ya kompyuta nyingi za Linux: madirisha, menyu, vitufe unavyobofya. Ilianzishwa 1997 na vijana wawili wa Mexico. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuona ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuigawa bure. Huulizwi cheti wala jinsia. Ndiyo maana wengi walijiaminisha kwamba kama wadada hawaji, basi hawataki. Mlango uko wazi, nani kawazuia?

Dada mmoja na jamaa mmoja wa humo humo hawakukubali. Kiangazi hicho hicho wakatangaza nafasi tatu za kulipwa, za wanafunzi wa kike tu. Wadau, yakaja maombi zaidi ya 100! Ikabidi wachukuliwe sita.

Mradi ni ule ule, mwaka ule ule. Kilichobadilika ni tangazo tu.

Wapo walionuna: kwa nini wanawake peke yao? Lakini zile nafasi za kwanza zilikuwa wazi kwa kila mtu, na matokeo yalionekana. Kwenye programu huria, mgeni hujifunza kwa kuuliza mbele ya watu asiowajua. Akikosea, anakosolewa hadharani, saa nyingine kwa matusi. Ukiwa peke yako wa aina yako, unaona bora ukae kimya.

Shida ni kwamba kiangazi kilipoisha, mpango nao ukalala. Uliamka 2010, ukiongozwa na dada mwingine, safari hii kwa akili zaidi. Kila mgeni anapewa mtu wa kumshika mkono. Kabla ya kuchaguliwa anatengeneza kitu kidogo cha kweli kwenye programu yenyewe. Anafanyia kazi nyumbani, na analipwa. Mwaka 2013 Linux yenyewe ikajiunga. Mwaka 2015 mpango ukaitwa Outreachy, na ukafungua milango kwa makundi mengine yaliyoachwa nyuma, siyo wanawake tu.

Hata mabosi walikuja kuguswa. Mwaka 2018 mwanzilishi wa Linux, jamaa aliyejulikana kwa mdomo mkali, aliomba radhi hadharani kwa alivyokuwa akiwajibu wenzake, akapumzika kazi kwa muda.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni gani ataingia nyumba ambayo hakuna anayemkaribisha? Wale zaidi ya 100 walikuwepo muda wote. Hawakuwa wameitwa tu.

Wewe je, ni wapi mlango uko wazi lakini hujawahi kusikia karibu?