Stima Ilifika Shambani, Ramani Ikabaki Nyuma

Kuna kazi moja hapa Rift Valley ambayo wengi wetu hatuifikirii hata tukiwa tunakula chapo: kupuliza dawa kwa ndege. Ngano ikiwa shambani, upande wa Njoro, Mau Narok hadi Narok, unaweza kuona ndege ndogo imeshuka karibu iguse mimea. Inamwaga dawa, inapanda ghafla, inageuka, inarudi. Mahali penye vilima au kona nyingi, chopa ndiyo inafaa zaidi. Watu hudhani kitu cha kuogopa huko juu ni injini kuzima. Lakini moja ya hatari kubwa za kazi hii ni waya wa stima, ule ule unaochaji simu yako.

Tuangalie historia kidogo, kwa sababu ndege na waya zilikuja kwetu kwa njia tofauti zikakutana shambani.

Ndege ya kwanza kumwaga dawa ya wadudu iliruka tarehe 3 Agosti 1921 huko Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Rubani alikuwa mwanajeshi, John Macready, na shida ilikuwa viwavi kwenye miti. Mwaka wa 1946 chopa ya Bell 47 ikapata kibali cha matumizi ya kiraia, na haikuchukua muda kabla ya wakulima kuanza kuitumia kwa dawa.

Huku kwetu adui alikuwa kutu ya ngano. Lord Delamere alijaribu ngano Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kutu ikammaliza. Kituo cha utafiti wa mbegu kikaanzishwa hapo Njoro 1927. Na vita haikuisha: kutu mpya kali, Ug99, ilionekana Uganda 1998, na tangu 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa Njoro kupimwa kama zitaiweza. Kukiwa na kutu, lazima dawa ipulizwe, na kwa shamba la maelfu ya ekari, ndege humaliza haraka.

Sasa stima. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, na mwaka huo huo kampuni ya Kenya Power Company ikaundwa ili kuleta umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo ya kilovolti 132 ilikatiza Rift Valley ikipitia Lanet na Naivasha. Kwa sisi wa Section 58, Lanet ni hapo tu. Baadaye Olkaria ikaanza kutoa stima ya mvuke 1981. Mwaka wa 2018 laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikakamilika, zaidi ya kilomita 400. Katikati ya hayo ikaja Last Mile mwaka wa 2015, nguzo zikaingia vijijini. Wateja wa Kenya Power walikuwa zaidi ya milioni 2 mwaka wa 2013, na kufikia 2023 walikuwa wamepita milioni 9.

Hiyo ni poa kabisa. Mimi siwezi kulia eti nyanya ya mtu amepata taa. Lakini kila nyumba mpya ni waya mpya, na rubani aliyepuliza shamba lile lile msimu uliopita anaweza kurudi akute waya ambao haukuwepo.

Utasema, si aangalie? Manze, waya hauonekani hivyo. Rangi yake inapotea kwenye udongo, kwenye mawingu, kwenye jua la asubuhi. Chopa ikienda kilomita 100 kwa saa inakula mita 28 kila sekunde. Ukiuona waya ukiwa mita 60 mbele, una sekunde mbili. Laini kubwa huwa pia na waya mwembamba juu kabisa wa kukinga radi: unakwepa zile nene unazoziona, unagonga ule usiouona. Ndiyo maana marubani hufundishwa kutafuta nguzo, si waya, na kuvukia juu ya nguzo yenyewe.

Kenya tunajua waya unaweza kufanya nini. Tarehe 24 Januari 2003, serikali ya NARC ikiwa haijamaliza mwezi, ndege iliyobeba mawaziri ilipaa Busia ikagonga nyaya za stima. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wawili. Martha Karua na Raphael Tuju walikuwa ndani, wakapona. Hiyo haikuwa ndege ya dawa. Ilikuwa inapaa tu, inataka kwenda juu. Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake ni kushuka chini siku nzima.

Halafu nzige wakaingia mwisho wa Desemba 2019, na mwanzoni mwa 2021 makundi yakafika hadi kaunti yetu. Tulishangilia ndege zikipita, tukarekodi video. Kuhusu nyaya walizokuwa wanakwepa hao marubani, hatukusema kitu.

Suluhisho si siri. Kuna zile mipira za rangi za kuning'inizwa kwenye laini. Kanuni za kimataifa za usafiri wa ndege zinataka upana usiopungua sentimita 60. Kuna visu vya kukata waya vinavyofungwa kwenye chopa, vilivyobuniwa Kanada miaka ya 1970, ingawa vinasaidia tu waya ukigonga mahali pake. Siku hizi kuna droni, na ikinasa kwenye waya, angalau hakuna mtu ndani.

Lakini mimi naona kitu cha kwanza ni ramani. Anayesimika nguzo anajua amesimika wapi na lini. Habari hiyo ikiwekwa wazi kwa simu, kila laini, hata ile ndogo ya kwenda kwa boma moja, rubani ataiona kabla hajawasha injini. Na mkulima asimamishe kazi kama kuna waya mpya ambao rubani hajaonyeshwa. Waya ukikatika hapo si rubani peke yake ako kwa shida. Kuna watu wanapalilia chini yake, na kijiji kizima kinalala giza.

Tumejenga stima kwa miaka 70 tukihesabu walioungwa. Nataka KPLC na KETRACO watuonyeshe pia hesabu ya pili: kati ya laini zinazopita juu ya mashamba ya ngano hapa Nakuru na Narok, ni ngapi zina alama?